Kwa nini zimamoto hawaingii fasta kwenye gesi ya sumu hata kama kuna mtu ndani

Msomaji kaniuliza hivi, nimefupisha kidogo: "Mtaalamu, nimeona video ya kiwanda amonia imevuja, zimamoto wamefika wakapaki gari mbali kabisa, mmoja anaangalia kwa darubini, wengine wanavaa taratibu, huku watu wanapiga kelele kuna fundi kabaki ndani. Imepita karibu nusu saa ndo wakaingia wawili tu. Huo sio uoga? Na hao wawili wanajikinga vipi na gesi inayoua? Na mimi ningekuwa pale ningefanya nini?"

Nianze na hilo la uoga maana ndo linaniuma zaidi. Hapana ndugu yangu, sio uoga. Ile nusu saa uliyowaona wapo nje walikuwa kazini tayari, na wangeiruka kuna uwezekano mkubwa wangelala chini watatu badala ya mmoja. NIOSH, ile taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilitoa tahadhari mwaka 1986 kuhusu vifo kwenye sehemu zilizofungwa kama matangi, mashimo na mabomba makubwa, na humo waliandika kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa ni wale walioingia kuokoa. Yaani waokoaji ndo wengi kuliko wale waliokuwa wanaokolewa. Wa kwanza anaanguka, mwenzake anamuona anashuka kumtoa, wa tatu anawafuata wote wawili, na wote ni watu wazima wenye akili zao na huruma yao.

Sasa twende hatua kwa hatua, ila sitakwenda sawa sawa kwa sababu kuna sehemu hazina maneno mengi na kuna sehemu ndo kila kitu.

Gari kupaki mbali. Zimamoto wakienda kwenye moto wa kawaida wanasogea mpaka karibu na mlango, kwenye gesi ni kinyume, wanakuja kutoka upande upepo unakotoka, na kama kuna kilima wanakaa juu. Kama hawajui bado ni gesi gani, mwongozo wa dharura za kemikali unaotumika sana Amerika ya Kaskazini na hata nje ya huko unasema anza na mita 100 kila upande hakuna mtu kuingia, na hiyo ni ya kuanzia tu. Gari lenyewe linageuzwa pua iangalie nje, kwa sababu upepo unaweza kubadilika wakati wowote na hutaki kuanza kupiga ribasi ndani ya wingu. Halafu hilo wingu jeupe unaloliona kwenye video ya amonia usidhani ndo mwisho wa gesi, weupe ule ni ukungu wa maji uliotengenezwa na baridi, gesi yenyewe haina rangi na inaenda mbele zaidi ya pale macho yanapoishia.

Usiku mambo ni mabaya zaidi kuliko mchana, hili watu wengi hawalijui. Mchana jua linapasha ardhi, hewa inapanda inachanganyika, gesi inapungua nguvu haraka. Usiku hewa ya chini inapoa inatulia, gesi inatambaa imeshikana kwa masafa marefu, ndo maana kwa klorini umbali wa kulinda watu usiku kwenye ule mwongozo unaweza kuwa mara tatu ya wa mchana au zaidi. Kule Graniteville, South Carolina, tarehe 6 Januari 2005, treni iligonga treni nyingine iliyopaki saa 8 na ushee usiku, behewa la klorini likapasuka, watu 9 wakafa na wengine karibu 5,400 wakahamishwa. Klorini ni nzito karibu mara mbili na nusu ya hewa kwa hiyo inafuata mabonde na sehemu za chini, na ilikuwa usiku.

Darubini sasa. Yule anasoma. Kwenye tenka, mtungi au mlango wa stoo kuna alama yenye umbo la almasi, na namba ya tarakimu nne ya Umoja wa Mataifa, amonia ni 1005, klorini ni 1017. Ukishaipata ile namba unajua inalipuka au hailipuki, inapenda maji au inachukia maji, inakula ngozi au inaingia kwa mapafu tu, suti gani inaizuia na gani inayeyuka. Bila jina unabahatisha, na hata hospitali wanabahatisha. Bhopal, India, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, gesi ya methili isosayaneti ilitoka kwenye tangi ikaua maelfu ya watu, na moja ya mambo yaliyowatesa madaktari usiku ule ni kwamba wagonjwa walikuwa wanamiminika na hakuna aliyewapa taarifa kamili ni gesi gani na inatibiwa vipi.

Wakati huo huo kiongozi wa tukio anamtafuta mtu mmoja muhimu kuliko wote, fundi au msimamizi wa mtambo. Valvu ya kufunga iko wapi, inafungwa kutoka chumba cha kuendeshea au lazima mtu aifikie kwa mkono, kuna tani ngapi ndani, yule aliyebaki alionekana wapi mara ya mwisho na saa ngapi. Kuna wakati kuvuja kunazimwa kwa mtu kubonyeza kitufe umbali wa mita 200 bila yeyote kuingia kwenye gesi. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu picha ya shujaa anayeingia kwenye moshi inauzika sana, lakini mi namheshimu zaidi yule aliyeuliza swali sahihi nje.

Haya, vipimo. Hapa naomba unisome polepole.

Kipima gesi cha kawaida ambacho zimamoto wengi wanacho kinasoma vitu vinne: oksijeni, gesi inayolipuka, kaboni monoksidi na haidrojeni salfaidi. Ni kifaa kizuri sana lakini kinaweza kukuua ukikiamini bila kukielewa. Chukua sehemu ya mlipuko, ile namba inayoonyesha sio asilimia ya gesi hewani, ni asilimia ya kile kiwango cha chini ambacho gesi inaanza kuweza kulipuka. Amonia inaanza kulipuka ikifika karibu asilimia 15 ya hewa, yaani sehemu 150,000 kwenye milioni. Kwa hiyo kipima kikionyesha 1 tu, ukadhani ni kidogo, tayari unaongelea sehemu kama 1,500 kwenye milioni, na kiwango ambacho NIOSH inakihesabu ni hatari ya papo kwa hapo kwa uhai kwa amonia ni 300. Umeshapita mara tano na kengele haijalia, maana wengi wanaiseti ilie kwenye 10, na 10 ni sehemu 15,000. Na hapo tunaongelea kipima kilichorekebishwa kwa gesi hiyo hiyo, wakati vingi vimerekebishwa kwa methane, kwa gesi nyingine vinasoma juu au chini. Kaboni monoksidi nayo ni hivyo hivyo, inaanza kulipuka kwenye asilimia 12.5, kwa hiyo ukisubiri kengele ya mlipuko ikwambie kuna hatari, sumu imekuwahi zamani sana.

Oksijeni ndo inadanganya kuliko zote. Hewa safi ina oksijeni asilimia 20.9. Watu wanajua chini ya 19.5 ni hatari basi wakiona 20.8 wanatulia. Lakini fikiria, oksijeni ni karibu moja ya tano ya hewa, kwa hiyo ili oksijeni ishuke 0.1 lazima kitu kingine kiwe kimesukuma hewa nzima kama 0.5, na asilimia 0.5 ni sehemu 5,000 kwenye milioni ya kitu usichokijua. Klorini hatari ya papo kwa hapo ni sehemu 10 kwenye milioni. Kumi! Kipima chako cha vitu vinne hakina hata sensa ya klorini, kinakuonyesha oksijeni 20.9 nzuri kabisa na we upo kwenye klorini inayoweza kukumaliza. Ndo maana timu za kemikali wanabeba na vitu vingine, mirija ya kioo inayobadilika rangi kwa gesi maalumu, karatasi za kupima asidi, sensa za gesi moja moja, na kabla ya kuingia kipima kinawashwa kwenye hewa safi, kinapulizwa gesi ya majaribio kuona kama sensa zinaitikia, na kumbuka pia ile sensa ya mlipuko ya aina ya kuchoma inahitaji oksijeni ifanye kazi, oksijeni ikiwa chini sana inasoma pungufu.

Na pua je? Pua sio kipima. Amonia angalau inakufukuza mwenyewe, ila haidrojeni salfaidi, ile ya harufu ya mayai yaliyooza inayokaa kwenye mashimo ya maji taka na visima vya mafuta, unainusa ikiwa kidogo sana, halafu ikifika karibu sehemu 100 inaua uwezo wa kunusa ndani ya dakika chache. Mtu anasema "harufu imeisha, tuingie." Imeisha kwa sababu mishipa yake ya kunusa imezimwa. Na kaboni monoksidi haijawahi kuwa na harufu tangu mwanzo.

Tukija kwenye kuvaa, ambako ndo uliwaona "wanavaa taratibu". Kitu cha kwanza ni hewa, mtungi mgongoni na maski ya uso mzima ambayo ndani yake presha iko juu kidogo kuliko nje, hivyo kukiwa na upenyo hewa inatoka, gesi haiingii. Maski ya kichujio, ile yenye kikopo, haifai kwa mtu anayeingia kwenye uvujaji usiopimwa, maana haitengenezi oksijeni na kila kichujio kina gesi zake na kikomo chake. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa bar 300 una kama lita 1,800 mpaka 2,000 za hewa. Mtu anayetembea kawaida anatumia kama lita 40 kwa dakika, lakini akiwa amevaa suti nzito, anavuta mtu mzima sakafuni, moyo unadunda, anaweza kufika 80, kwa hiyo mtungi unaoitwa wa dakika 45 unageuka wa dakika 20 na kidogo. Toa muda wa kutembea kwenda, toa muda wa kurudi, na toa muda wa kuoshwa, kwa sababu hawezi kuvua maski mpaka aoshwe suti, toa na akiba ya dharura. Kinachobaki cha kazi yenyewe kinaweza kuwa dakika 8 au 10. Hebu waza umepewa dakika kumi za kumtafuta mtu kwenye jengo usilolijua, utakubali kuingia kabla hujajua yuko chumba gani? Ndo maana maswali yanaulizwa nje kwanza.

Halafu suti. Nguo za zimamoto za kawaida zinakinga joto, kemikali zinazuia kidogo tu, amonia inapita inatafuta sehemu zenye jasho, kwapa, mapaja, shingo, kwa sababu amonia inapenda maji kuliko kitu chochote, na inachoma. Kwa kuvuja kukubwa wanavaa suti ya kemikali isiyopitisha gesi, imefunika kila kitu pamoja na mtungi wenyewe. Ndani ya ile suti joto la mwili halina pa kwenda, mtu anaweza kuzimia kwa joto bila gesi kumgusa, ndo maana kabla ya kuvaa anapimwa presha na mapigo, anakunywa maji, na akishatoka anapimwa tena. Redio zinasikika vibaya, kwa hiyo wanakubaliana ishara za mikono kabla, mkono kwenye koo maana yake hewa imeniishia, mikono yote juu ya kichwa maana yake nahitaji msaada.

Lakini kuna kitu ambacho watu, hata baadhi ya zimamoto, wanakisahau, suti ya gesi sio suti ya moto. Mwaka 1984 kule Shreveport, Louisiana, zimamoto wawili waliingia kwenye ghala la baridi kuzuia amonia iliyovuja, wamevaa suti zilizofunika mwili mzima. Walikuwa wamejikinga na sumu vizuri kabisa. Ila gesi ilikuwa imejaa ndani ya jengo mpaka ikafika kiwango cha kuwaka, cheche ya foklifti ikaiwasha, mmoja akafa na mwenzake akaungua vibaya. Wengi wanaisoma amonia kama "gesi ya sumu isiyowaka" kwa sababu nje kwenye upepo ni vigumu kuiwasha, lakini ndani ya chumba kilichofungwa kati ya asilimia 15 na 28 inawaka. Tukio lile ndo sababu mi nasema kwenye amonia iliyo ndani ya jengo ile namba ya mlipuko kwenye kipima inaangaliwa kila hatua, umeme unazimwa kutoka nje mbali, milango inafunguliwa gesi itoke kwanza, na ikikaribia kiwango cha kuwaka timu inatoka hata kama imebakisha hatua tano kufika.

Wawili walioingia hawakuwa wawili. Nje kulikuwa na wengine wawili wamevaa suti hiyo hiyo, mitungi imejaa, hawafanyi kazi nyingine yoyote zaidi ya kusubiri kuwatoa wenzao. Sheria ya usalama kazini ya Marekani inalazimisha hivyo, wawili ndani wawili nje, na nchi nyingi wana utaratibu unaofanana. Na sehemu ya kuoshea imeshatandazwa na maji yako tayari kabla mguu wa kwanza haujaingia. Eneo linagawanywa, jekundu ambako gesi iko, njano ambako wanaoshwa, kijani ambako viongozi na ambulensi wako, na mtu haruki kutoka jekundu kwenda kijani hata kama ni bosi.

Je, kuna wakati wanaingia haraka? Ndiyo, na hapa sitaki kuficha. Kama majeruhi anaonekana, anatikisika au anaita, yuko karibu na mlango, na upimaji unaonyesha hakuna hatari ya mlipuko, kiongozi anaweza kuruhusu wawili wenye nguo za kawaida za zimamoto na mitungi ya hewa waingie dakika moja mbili wamvute watoke, wakijua ngozi zao zinaweza kuungua. Huo ni uamuzi mgumu na mi nauunga mkono pale ambapo kuna uhai wa kuokoa. Ila kama mtu kalala ndani ya klorini nzito nusu saa bila hewa na hajibu, kuwatuma vijana wawili haraka haraka ni kutoa uhai kwa ajili ya mwili. Inauma kuliandika hilo, na inauma zaidi kulitamka mbele ya familia iliyosimama kwenye utepe.

Maji nayo yana akili yake. Amonia inayeyuka kwenye maji vizuri sana, kwa hiyo ukungu wa maji ukiwekwa upande gesi inakoelekea unaipunguza kweli, ila usipige maji kwenye dimbwi la amonia ya kimiminika, maji yana joto kuliko lile dimbwi lililo kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, utalichemsha na wingu litakua. Na yale maji yanayotoka yanachoma, yasiachwe yaingie mtoni. Klorini ni mbaya zaidi, ukipiga maji pale inapovujia inatengeneza asidi ambayo inakula chuma na tundu linapanuka. Kwenye mtungi wa klorini wenye ujuzi wanauzungusha tu ili tundu liwe juu, itoke gesi badala ya kimiminika, kwa sababu kiasi kimoja cha kimiminika kinakuwa karibu 460 cha gesi. Kitendo kidogo, tofauti kubwa mno.

Akishatolewa, nguo zote zinavuliwa, anaoshwa, macho yanasukutuliwa kwa maji yasiyopungua dakika 15. Nguo zilizoganda na amonia kwenye ngozi zinalowanishwa kwanza, ukizivuta zinatoka na ngozi. Halafu hata akisema yuko sawa asiruhusiwe kwenda nyumbani, klorini na hasa fosijini, gesi nyingine ya sumu, zinaweza kujaza mapafu maji masaa mengi baadaye. Na kama ni kaboni monoksidi, kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha asilimia 98 wakati damu imebeba sumu, kinashindwa kutofautisha, kwa hiyo anapewa oksijeni na damu inapimwa kwa mashine inayotofautisha.

Kuhusu wewe. Ukiwa nje na gesi inakuja, usikimbie kwenda mbele ya upepo kwa sababu unakimbia pamoja nayo, kata upande, ukiukatiza upepo, ukitoka kwenye njia yake panda juu. Ukiwa ndani ya nyumba ambayo haijabomoka na wingu limeshakuzunguka, mara nyingi ni bora ubaki, funga madirisha, zima eisii na feni za kuvuta hewa, ziba chini ya mlango kwa kitambaa kibichi, na kama ni gesi nzito nenda ghorofa ya juu. Mwaka 1976 Houston, Texas, lori la amonia lilianguka kutoka barabara ya juu, waliobaki ndani ya majengo ya jirani walikuwa na hali nzuri kuliko waliokuwa nje ndani ya wingu. Ukisikia amri ya kuhama, hama, usibishane.

Na ukiweza kuongea na zimamoto, usiwapigie kelele waingie, wape vitu wanavyovihitaji: umeona nini kimeandikwa kwenye tenka, wingu lilikuwa na rangi gani, watu wangapi wako ndani, wako chumba gani, na nani ana funguo za chumba cha valvu.